Ule mkeka wa Liechtenstein: jibu kwa msomaji wa Moro

Swali lenyewe naliweka kama lilivyokuja: "Shikamoo kocha. Niko Moro, nabeti kidogo kidogo sifichi. Mwaka 2024 niliweka Liechtenstein amfunge San Marino nikajua hiyo hela ya kuokota, si ndo wa mwisho duniani wale? Wakashinda moja bila, na kwenye mkeka mzima ni hiyo mechi tu iliyonichania. Mpaka leo nikiona ile klipu wanavyokumbatiana kama wamebeba ndoo roho inauma. Nieleze kitaalamu, ilikuwa bahati au nini? Na hizi timu za nchi za kama kata moja kwanini zisitolewe tu? Zanzibar mbona FIFA haimo na ina watu wengi kuwazidi? Halafu Stars tungewapiga ngapi?"

Marahaba mdogo wangu. Pole na mkeka, ila ile haikuwa hela ya kuokota hata kidogo. Aliyekwambia San Marino ni wa mwisho duniani hakukudanganya, alikupa nusu ya habari. Walikuwa namba 210 kwenye viwango vya FIFA, mkiani kabisa hakuna mtu chini yao, lakini vile viwango vinakwambia hawa watu wamefungwa na wakubwa mara ngapi, havikwambii wakikutana na mtu wa saizi yao inakuwaje. Na Liechtenstein ndo mtu wa saizi yao, naye alikuwa kule kule karibu na 200. Wewe uliona namba mbili ukadhani umeona timu mbili.

Tuanze na goli. Tarehe 5 Septemba 2024, uwanja wa Serravalle kwao San Marino, dakika ya 53. Unapigwa mpira mrefu kwenda mbele, beki wa Liechtenstein na kipa wake Benjamin Büchel kila mmoja anadhani mwenzake ataumaliza, na wakati wanadhaniana hivyo anatokea dogo wa miaka 19, Nicko Sensoli, anachomeka mguu, mpira wavuni. Basi. Moja bila mpaka filimbi ya mwisho. Ukiniuliza goli lilikuwa na bahati nakwambia ndiyo, lilikuwa nayo, beki na kipa wakielewana hakuna goli pale. Ila bahati ya namna hiyo hutokea kwenye kila ligi kila wikiendi, swali la maana ni kwanini San Marino iliwachukua miaka 20 kuipata.

Maana kabla ya hapo walishinda mara moja tu, tarehe 28 Aprili 2004, uwanja huo huo, Andy Selva akapiga faulo moja kwa moja dakika ya 5, ikaisha 1-0. Aliyefungwa? Liechtenstein huyo huyo. Na hiyo ilikuwa mechi ya kirafiki. Sensoli alikuwa hajazaliwa, kazaliwa 2005. Katikati hapo zikapita mechi 140 bila kushinda, mia na arobaini, hebu fikiria mtoto anazaliwa, anaanza shule, anamaliza, anafika timu ya taifa na nchi yake hajawahi kuiona ikishinda. Kwenye mechi za mashindano walikuwa hawajawahi kushinda kabisa tangu walipoanza kucheza kufuzu mwaka 1990. Kwahiyo wale uliowaona wanalia usiwacheke, ingekuwa wewe ungezimia.

Sasa kwanini miaka 20. Watu wengi jibu lao ni kwamba nchi ndogo, wachezaji ni walimu na mahasibu na wanafunzi, wanafanya mazoezi jioni baada ya kazi. Kweli, nchi ina watu kama 34,000 na imezungukwa na Italia pande zote, na wengi wao wanacheza madaraja ya chini huko Italia au kwenye ligi yao ya nyumbani ambayo ni ya ridhaa. Lakini hiyo inaeleza kwanini wanafungwa na Ujerumani 13-0 kama ilivyotokea 2006, haielezi kwanini hawakumfunga mtu yeyote. Kinachoeleza ni droo. Kwenye droo za kufuzu timu zinawekwa kwenye vyungu kwa ubora, chungu cha kwanza wakubwa, cha mwisho wale wadogo kabisa, na kila kundi linachukua timu moja kutoka kila chungu. Umeona shida ilipo? San Marino na Liechtenstein na Andorra na Gibraltar wakiwa wote chungu cha mwisho HAWAWEZI kukutana. Kila mwaka kila mmoja wao anapelekwa peke yake kwenye kundi la watu watano wanaomzidi, anakula kichapo mechi nane au kumi anarudi nyumbani. Yaani mfumo ulikuwa unahakikisha mtu pekee unayeweza kumfunga hupewi, mpaka umwombe mechi ya kirafiki.

UEFA, yaani shirikisho la soka la Ulaya, walipoleta Ligi ya Mataifa Septemba 2018 ndo hilo lilibadilika, kwasababu ile ligi imegawanywa kwa madaraja, A mpaka D, na wa D anacheza na wa D. Watu wetu huku wanaiona kama mechi za kirafiki zilizopakwa rangi, na kwa Ufaransa au Hispania labda ni kweli, mi nawaelewa. Kwa San Marino ile ndo Kombe lao la Dunia. Mwaka 2020 wakapangwa na Gibraltar na Liechtenstein, wakaanza kufungwa zote mbili za mwanzo, halafu wakatoka 0-0 na Liechtenstein ugenini na 0-0 na Gibraltar nyumbani. Sare mbili mfululizo. Wewe unaona sare za sifuri, mi kama kocha naona timu inayojifunza kumaliza dakika 90 bila kuwa imevunjika moyo dakika ya 20.

Hapa nikutolee mfano wangu mwenyewe. Kuna kipindi nilifundisha timu moja ya daraja la chini mkoani, vijana wa sokoni na bodaboda, kombe likatupanga na timu ya ligi kuu. Wiki mbili nzima sikufundisha kitu zaidi ya kukaa nyuma na kubutua, mabeki watano, viungo wanne mbele yao, straika mmoja anakimbia kimbia tu kama kuku aliyepotea. Tukafungwa nne. Sawa, tulitegemea. Kilichoniuma ni wiki iliyofuata, tunacheza na watu wa saizi yetu kabisa na vijana wangu bado wanabutua! Mpira hauna presha yoyote, beki ana nafasi ya kupumua na kufunga kamba za viatu, anaupiga nje. Walikuwa wameshasahau kwamba mpira unaweza kuwa wako. Sasa hao ni wiki mbili tu, San Marino ilikuwa ni maisha yao. Ndo maana nasema mechi ya wadogo wawili ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, inakubidi ufanye kitu ambacho hujawahi kufanya kimataifa, yaani uuchukue mpira, usogee, uamue.

Na dalili zilikuwepo kabla ya hiyo Septemba, kama ungeniuliza kabla ya kuweka hela. Vuli ya 2023 San Marino walifunga goli mechi tatu mfululizo, Denmark waliwafunga 2-1 tu, Kazakhstan 3-1, Finland 2-1. Zote tatu walifungwa, ndiyo, ila timu ambayo zamani ilikuwa inapitisha mwaka mzima bila goli ikifunga tatu ndani ya wiki chache kuna kitu kinapikwa. Halafu huku upande wa pili angalia mpinzani uliyempa hela yako. Kufuzu Euro 2024 Liechtenstein alicheza mechi kumi akafungwa zote kumi, goli la kufunga moja. San Marino naye pointi sifuri ila magoli matatu. Gibraltar pointi sifuri, magoli sifuri, na kwa Ufaransa akala 14. Kundi zima la D1, yaani kundi lao la Ligi ya Mataifa 2024 ambalo mechi yako ilikuwa humo, lilikuwa la watu watatu waliotoka na sifuri. Sasa hapo nani ni mkubwa wa nani?

Liechtenstein anabebwa na jina la zamani. Mwaka 2004 huo huo wa faulo ya Selva, mwezi Oktoba, walitoka sare 2-2 na Ureno pale Vaduz, mji mkuu wao, na siku nne baadaye wakaenda kumpiga Luxembourg nne bila kwake. 2007 wakamfunga Iceland 3-0. Ilikuwa enzi za Mario Frick yule straika aliyecheza mpaka Italia, na kipa Peter Jehle. Hao wamestaafu, na nchi ya watu 40,000 hivi haizai Frick mwingine kila baada ya miaka mitano. Pia hawana ligi yao wenyewe, klabu zao saba zinacheza ndani ya mfumo wa Uswisi, na ile FC Vaduz ambayo 2022 ilifika hatua ya makundi ya Conference League, kombe la tatu la klabu za Ulaya, ukiangalia kikosi chake wengi si raia wa Liechtenstein. Kwahiyo klabu inaweza kuwa juu na timu ya taifa ikawa inazama, hivi vitu viwili watu wanavichanganya sana.

Ila nikuambie kitu, mechi uliyoumia nayo wala si ile kubwa. Kubwa ni ya marudiano, tarehe 18 Novemba 2024, Vaduz, na klipu nyingi za watu kulia zinazozunguka mtandaoni ni za hii. Msimamo ulikuwa hivi: Gibraltar amemaliza mechi zake ana pointi 6, San Marino ana 4, Liechtenstein 2. Sare haisaidii kitu. San Marino lazima ashinde ugenini, na ugenini hajawahi kushinda popote pale tangu aumbwe. Na hata hizo pointi 4 ilikuwa kwa mbinde, siku tatu kabla walikuwa nyuma kwa Gibraltar nyumbani mpaka dakika za nyongeza, wakapata penalti, Nicola Nanni akaweka, 1-1. Angekosa ile hesabu ingefungwa pale pale.

Basi Vaduz, dakika ya 40 Aron Sele anawafungia wenyeji. Moja bila, mapumziko. Ukiwa umeifuatilia San Marino miaka yote unajua filamu inavyoendelea hapo, wanarudi wanaongezwa mbili wanapeana mikono. Safari hii wametoka vyumbani, dakika ya 46 Lorenzo Lazzari anasawazisha, hata watu hawajakaa. Hapo ndo mimi nilisimama kwenye kochi. Kwasababu goli la namna hiyo linahamisha woga, unautoa kwako unaupeleka kwa mwenyeji, na mwenyeji mwenyewe ni mtu ambaye mwaka mzima uliopita anafungwa tu. Dakika ya 66 penalti, Nanni tena. Dakika ya 76 Alessandro Golinucci la tatu. Tatu moja! San Marino walikuwa hawajawahi kufunga magoli matatu kwenye mechi moja, hawajawahi kushinda ugenini, na vyote vikatokea usiku mmoja ambao ndo walivihitaji. Pointi 7, wa kwanza kwenye kundi, wakapanda ligi C. Kocha wao Roberto Cevoli alikuwa na timu chini ya mwaka mmoja tu.

Na ujue kwamba mpaka mwaka 2025 unaisha, ushindi wote wa San Marino ni mitatu na yote mitatu ni kwa Liechtenstein. Kuna wenyewe wanaita hiyo ndo debi ya kweli.

Kuna mkia wa hadithi ambao watu wa hesabu wataupenda. Kwa kuongoza lile kundi San Marino waliingia kwenye foleni ya mechi za mchujo za Kombe la Dunia 2026. Utaratibu ulikuwa, washindi wa pili 12 wa makundi ya kufuzu wanaingia, halafu nafasi nne zinaenda kwa walioongoza makundi ya Ligi ya Mataifa ambao kwenye kufuzu hawakumaliza ndani ya mbili bora, kwa kufuata ubora wao. San Marino alikuwa kwenye foleni hiyo nyuma kabisa, ila Romania naye alikuwa ndani ya foleni hiyo mbele yake, na wote wawili wako kundi moja la kufuzu. Umeshaona kichekesho? Romania akimaliza wa pili anatoka kwenye foleni, San Marino anasogea. Yaani ikafika mahali watu wakawa wanaandika kabisa kwamba San Marino ni heri afungwe na Romania magoli mengi ili Romania apate nafasi ya pili. Bosnia akaharibu mchezo, akamfunga Romania 3-1 tarehe 15 Novemba 2025 hesabu ikafa, na siku tatu baadaye San Marino akala 7-1 kwa Romania bila faida yoyote. Zile nafasi nne zikaenda kwa Romania, Sweden, Macedonia Kaskazini na Ireland Kaskazini.

Hapo naingia kwenye swali lako la kuwatoa. Kwenye kufuzu huko San Marino alicheza mechi nane akafungwa zote, kafunga 2 kafungwa 39, Austria peke yao walimpiga 10-0 mechi moja na Arnautovic akafunga manne akawa mfungaji bora wa muda wote wa Austria. Hiyo mechi imemsaidia nani? Hapo sikupingi. Mimi ningeunga mkono mchujo wa awali, wadogo wacheze wao kwa wao kwanza nyumbani na ugenini, atakayepita ndo aende kwa wakubwa. Mbona Afrika tumefanya, sisi wenyewe Septemba 2019 tulianzia huko kwenye kufuzu Kombe la Dunia 2022, tukatoka 1-1 na Burundi mara mbili, tukavuka kwa penalti pale kwa Mkapa. Hakuna aliyeona ni aibu, na uwanja ulikuwa na joto kuliko mechi nyingine nyingi za Stars.

Ila kuwafuta kabisa hapana. Angalia visiwa vya Faroe, watu kama 54,000, mechi yao ya kwanza ya mashindano Septemba 1990 walimfunga Austria 1-0, wakachezea Sweden kwasababu kwao hakukuwa na uwanja wa nyasi. Kila mtu akasema bahati. Miaka mingi ikapita wanafungwa, wanajenga viwanja, wanafundisha makocha, na Oktoba 2025 wamemfunga Jamhuri ya Cheki 2-1 pale Tórshavn, mechi ya kufuzu kabisa ya mashindano, na kundi wakamaliza na pointi 12. Ungewatoa mwaka 1995 hiyo usingeiona.

Zanzibar sasa, na hili linaniuma kama linavyokuuma wewe. Sensa ya 2022 ilitoa watu karibu milioni 1.9, San Marino unaiweka humo zaidi ya mara hamsini. Lakini FIFA haihesabu vichwa, inaangalia kama ni nchi huru inayotambuliwa kimataifa, na San Marino ni jamhuri yenye kiti chake Umoja wa Mataifa. Utaniuliza Faroe na Gibraltar je, hizo si nchi huru. Kweli. Faroe waliingia 1988 wakati milango iko wazi zaidi. Gibraltar walipigana miaka na miaka, Hispania ikiwapinga, wakaenda mpaka mahakama ya michezo, UEFA ikawachukua 2013 na FIFA 2016. Zanzibar nao Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliwapa uanachama kamili, watu wakashangilia mitaani, Julai mwaka huo huo wakanyang'anywa kwa maelezo kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Mwezi Desemba wakaenda Kenya kwenye Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati wakafika fainali, wakatoka 2-2 na mwenyeji wakafungwa kwa penalti. Sasa niambie timu hiyo na San Marino nani anacheza mpira.

La Stars. Usinichekeshe ukategemea kumi. Septemba 2022 Shelisheli walienda Serravalle ikaisha 0-0, na Machi 2024 Saint Kitts na Nevis walicheza nao mara mbili, moja wakashinda 3-1 nyingine ikawa 0-0. San Marino wakikaa nyuma watano na wanne mbele yao unakosa hata pa kupitisha sindano, na sisi Stars tukipewa mpira dakika 70 tuufanyie kazi unajua wenyewe tunavyohangaika, tunapenda mtu aje tumkimbize. Tunashinda, hilo sina wasiwasi, mbadala wakiingia dakika ya 65 wale jamaa wanakuwa wamechoka. Mi nasema mbili bila, la kwanza linakuja kwa kona. Na usiiweke kwenye mkeka.